Muonjaji wa Geti la Kijani

Kichwa cha samaki changu kilirudi na nyama yake, na hapo ndipo Mayasa alipojua kuwa ndugu yake ana jambo.

Suhaib hakuwahi kuacha kichwa cha samaki tangu alipoota meno. Alikuwa akikikalia kitako, akafyonza jicho, akalamba shavu, akafungua mfupa mmoja mmoja mpaka yote ikabaki myeupe kama vifungo vya shati. Paka wa mtaani kwao Amani walikuwa wakimtazama kwa chuki. Sasa ana miaka kumi na sita, na ni siku sabini na mbili yuko mahabusu ya vijana huko shamba, nje ya mji, kwa tuhuma ya simu ya mgeni iliyopotea Forodhani. Kesi imeahirishwa mara nne. Simu haijaonekana. Kuonana naye ni mara moja kwa mwezi, tena siku wanayotaka wao. Kitu pekee kilichokuwa kikitoka ndani ya ukuta ule kila Jumatano, siku yake ya kupeleka chakula, na kumfikia dada yake ni hotipoti yake ikirudi tupu, na Mayasa alikuwa akiisoma kama watu wanavyosoma barua.

Jumatano ile, ya mwisho kabla ya mwezi mtukufu, ilirudi na kichwa kimechokonolewa upande mmoja tu, kwa vidole visivyojua kazi.

"Huyu ama anaumwa," alimwambia mumewe Mabrouk, "ama si yeye aliyekula."

Kabla hajapata la kufanya, Ramadhani ikaingia, na geti likakataa chakula.

Mahali penyewe pana jina refu la kiserikali, lakini wanawake wanaokwenda hawalitaji. Wao husema Geti la Kijani. Pako mbele ya Tunguu, ukishapita mashamba ya muhogo. Desturi ya pale ni moja: ukileta chakula, ukionje kwanza mbele ya askari, asije mtu akamtilia mtoto wa mwenzake kitu. Miezi mingine halikuwa jambo. Unachota kijiko, unameza, askari wa zamu anasema "haya, pitisha," na hotipoti inaingia kidirishani. Lakini chakula hupokelewa saa kumi alasiri, na mwezi wa Ramadhani, saa kumi alasiri, nani ataonja? Wanawake wamefunga. Na yule ambaye hakufunga kwa sababu zake za kike, angemeza jiwe kuliko kulisema mbele ya mwanamume.

Afande Borafya, mwenye zamu ya alasiri, hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu wa kupenda raha yake. "Hamuonji, mie sipokei," alisema, akiegemea kidirisha. "Sheria sikuitunga mie."

Kwa siku tano kina mama wakaja na vyakula vyao na wakarudi navyo. Watoto ndani walifuturu uji wa maji na muhogo wa kuchemsha, kipande kwa wawili. Hilo walilisikia kwa kijana mmoja aliyetoka kwa dhamana, aliyekuwa akijikuna mpaka damu wakati anawaambia.

Mayasa naye alikuwa na siri. Alikuwa na binti wa miezi mitano, Ulfat, anayenyonya kama mwenye kulipiza kisasi, na siku mbili za mwanzo alipofunga maziwa yalikauka na mtoto akalia usiku kucha. Kwa hiyo aliacha. Dini imempa ruhusa. Atazilipa siku zake baadaye. Lakini mama mkwe wake, Bi Badria, alikuwa na kauli yake: "Mie nimenyonyesha sita, na funga zangu zote." Basi Mayasa alikula nyuma ya mlango wa jikoni, wali wa jana, akitafuna bila sauti, huku ameona haya kama mwizi. Anayekula mchana wa Ramadhani Unguja huitwa kobe, kwa vile kichwa chake hukiingiza ndani ya gamba ili asionekane. Akionekana hadharani, hata polisi anaweza kupelekwa.

Siku ya sita alikwenda Geti la Kijani, Ulfat kamfunga kifuani kwa kanga, hotipoti ndani ya kikapu. Alikuta wanawake kumi wameshakaa chini, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, kila mmoja na chakula chake mapajani.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa, jua lisimpige mtoto." Bi Mize alikuwa mtu wa Makunduchi, mzee wa kupanda mwani, vidole vyake vimepasuka kwa chumvi. Mjukuu wake Usi alikuwa ndani. "Leo tena tunakuja kukiaga chakula chetu."

"Kukiaga!" alisema Salhiya, mwanamke wa Nungwi mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya mlango wa bahari. Mwanawe Haroub alikuwa na miaka kumi na minne. "Mie cha jana nimewapa kuku. Hao kuku sasa wananenepa kuliko mwanangu. Afande! We Afande Borafya! Unasikia?"

"Nasikia, mama," alijibu Borafya kutoka dirishani. "Kukusikia si tabu. Tabu kukunyamazisha."

Wachache walicheka. Mayasa hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta, karibu na kidirisha, pale palipobandikwa tangazo kubwa ndani ya fremu ya kioo lililofifia kwa jua. Kila mtu alilijua tangazo lile. Kila mtu alijua linasema chakula kionjwe. Mayasa aliacha skuli kidato cha pili, na sasa alikuwa mwaka wa pili wa madarasa ya jioni, akienda na mtoto na kurudi na mtoto. Mwalimu wao alikuwa na neno moja asiloacha kulisema: watu husoma mpaka pale wanapokuta wanachokijua, kisha wanaondoka. Alifuta vumbi kwa ncha ya kanga na akasoma mpaka chini.

Akarudia. Kisha akageukia kidirisha.

"Afande," alisema. "Mie ntaonja."

Wote wakageuka kumtazama. Hata Salhiya.

"Utaonja nini?"

"Chakula cha ndugu yangu."

Borafya alitazama kulia na kushoto, kana kwamba yeye ndiye atakayekamatwa. "Dada, leo mwezi sita, Ramadhani."

"Najua mwezi ngapi. Mie nanyonyesha. Sikufunga, na Mungu wangu anajua kwa nini sikufunga." Akaweka kidole juu ya kioo. "Sheria yenu inasema kionjwe, basi kinaonjwa. Lakini soma hapa, namba nne. 'Chakula kutoka nje kitaonjwa na aliyekileta, mbele ya askari wa zamu na mbele ya kijana anayeletewa.' Mbele ya kijana, Afande. Nleteeni Suhaib."

"Hiyo... hiyo haijapata kufanywa."

"Kwa nini iko ukutani?"

Kutoka upande wa barabara, mwanamume mmoja mwenye baskeli aliyekuwa amesimama kusikiliza alipiga mluzi. "Kobe huyo! Astaghfirullah, mchana kweupe!"

Mayasa alihisi uso wake unawaka mpaka masikioni. Aliona, kama anavyouona mkono wake, habari ile ikitangulia mbele yake mpaka Amani, ikipanda ngazi, ikiingia chumbani kwa Bi Badria. Angeweza bado kusema alikuwa akitania. Ulfat alikuwa amelala kifuani mwake, mdomo wazi, pumzi yake ikinuka maziwa.

"Kobe ana gamba," alimjibu yule mtu. "Mie sina. Nitazame vizuri ukawahadithie."

"Na ukimaliza kuhadithia," aliongeza Salhiya, akiinuka, "wahadithie na mkeo anakufungia chakula gani, maana tumbo hilo halijafunga!" Kisha akamgeukia Mayasa, na uso wake ukabadilika. Akanyoosha hotipoti yake. "Mdogo wangu. Na cha Haroub utanionjea?"

"Sheria inasema aliyekileta."

"Basi chukua. Nshakupa. Sasa umekileta wewe."

Bi Mize alishasukuma bakuli lake. Na nyuma yake wengine, wote kumi, vifuniko vikifunguliwa kimoja baada ya kingine, harufu ya nazi na iliki na samaki ikapanda juu ya ukuta ule, mpaka ndani vijana wakasikika wakipiga kelele.

Borafya alikwenda kuuliza kwa mkuu. Akakawia. Aliporudi alikuwa na daftari la majina na sura ya mtu aliyeambiwa "fanya upesi." Mkuu, Bwana Wakil, hakutaka kelele getini mwezi huu, tena kwenye njia wanayopita wanafunzi wa chuo kikuu na simu zao.

Wakaanza kuitwa. Mlango mdogo ulifunguliwa kwa upana wa mtu mmoja, na kijana akasimama kizingitini. Haroub alitoka wa kwanza, shingo nyembamba, upele umemjaa vidoleni. Salhiya, mwenye sauti ile, hakusema neno. Alimshika mtoto uso kwa mikono miwili na akaugeuza huku na huku kama anayetafuta mahali alipopotea. Mayasa alichota kijiko cha maharage ya nazi akala mbele yao. Akaja Usi, Bi Mize akamnusa kichwani. Mayasa akaonja ndizi. Akaonja tambi, akaonja mkate wa kumimina, akaonja mchuzi wa mtu fulani wenye pilipili iliyomtoa machozi, na Salhiya akapata sauti yake: "Lia, mdogo wangu, lia tu, watadhani ni kwa ajili yao!"

Vijana kumi walitoka, na kila mmoja alimtazama mwanamke yule mgeni akila chakula chake, kisha akapewa hotipoti mikononi. Chake Mayasa akakiweka mwisho.

"Suhaib amelala," alisema Borafya.

"Mwamsheni."

"Dada, umeonja vya kumi. Nipe hicho nikipeleke, uende zako."

Mayasa alichota kijiko, akakiinua, akakishikilia hewani. "Kijiko hiki hakiingii kinywani mpaka nimuone. Na mie siondoki na kijiko mkononi."

Akakaa chini. Wanawake kumi, ambao kazi yao ilikuwa imekwisha, wakakaa pia. Mkono ulimuuma, akaubadilisha. Tui lilitiririka kwenye mpini mpaka kiwikoni.

Suhaib alipotoka alikuwa ameingiza mkono wa kulia ndani ya fulana.

"Dada," alisema, na akajaribu kutabasamu.

"Toa mkono."

"Si kitu. Niliteleza chooni."

"Suhaib. Nimekuogesha tangu una miaka minne. Toa mkono."

Aliutoa. Kifundo kilikuwa kimevimba na kupinda, ngozi imewamba na kung'aa, rangi ya biringani. Mayasa akaelewa kile kichwa cha changu. Mkono wa kulia haufanyi kazi, na kula kwa mkono wa kushoto mbele ya watu ndugu yake aliona aibu; alikuwa akichokonoa kidogo, kwa kujificha, kisha anaacha. Siku zote hizo alikuwa akishinda na njaa kwa adabu aliyofundishwa na dada yake mwenyewe.

Alikula kile kijiko. Kilikuwa kimepoa.

"Lini?" aliuliza.

Suhaib alimtazama Borafya. Borafya alitazama daftari.

"Namba saba," alisema Mayasa, akisimama. Hakuhitaji kulisoma tena tangazo. "'Kijana aliyeumia au anayeumwa atapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.' Leo, Afande."

"Daktari anakuja Jumatatu."

"Haikuandikwa Jumatatu."

Mlango ulifungwa. Sauti ya komeo ilikuwa nyepesi, kama mtu anayefunga kabati.

Wanawake walibaki pale nje. Mayasa alitoa daftari lake la madarasa ya jioni na kunakili tangazo lote, mstari kwa mstari, huku machozi yakidondokea karatasi na yeye akiyafuta kwa hasira. Bi Mize alimvuta kanga.

"Nsomee, mwanangu. Mie macho yangu ya kazi, si ya kusoma."

Akamsomea namba ya kwanza. Bi Mize akairudia. Akasoma ya pili. Wawili watatu wakaitika. Hakuna aliyepanga. Ni vile tu walivyofunzwa utotoni, kwenye chuo cha Kurani, wamekaa mkekani na mwalimu anatangulia nao wanafuata, mpaka neno linakaa kifuani halitoki tena. Walipofika namba tisa wakaanza upya. Jua lilipokaribia kuzama, mbio zikaanza za kwenda kufuturu, na kila mmoja aliondoka akiwa anachezesha midomo.

Nyumbani, Bi Badria alikuwa ameshapata habari. Alikuwa amekaa kibarazani, tasbihi mkononi.

"Nasikia umekula mbele ya wanaume."

"Naam, mama. Vijiko kumi na kimoja."

"Hukuona haya?"

"Niliona, mama. Niliona haya sana. Kisha nikamuona Suhaib." Akamwambia habari ya ule mkono, bila kupunguza. Akasema pia jambo ambalo hakuwa amekusudia kulisema: "Na kesho sitakula nyuma ya mlango. Nitakula jikoni, nimekaa."

Bi Badria hakujibu. Usiku ule hakujibu, na kwenye daku hakujibu, na mpaka Mayasa anatoka kwenda shamba siku ya pili hawakuwa wamesemeshana.

Getini, tangazo halikuwepo. Kulibaki mraba mweupe ukutani na misumari minne.

"Tangazo gani?" alisema Borafya, lakini hakumtazama mtu.

Mayasa alifungua daftari. "Nnalo hapa."

"Hiyo umeandika mwenyewe, dada. Mwandiko wako huo."

Alikuwa sahihi. Ndipo Bi Mize, aliyekuwa bado amekaa chini na bakuli lake, alipoanza, kwa sauti ile ile nyembamba ya kusomea chuoni, akitikisika mbele na nyuma:

"Namba ya kwanza. Kila kijana atapewa godoro lake na shuka lake."

Wengine wakaingia. "Namba ya pili. Kila kijana ataoga kila siku na kupewa sabuni." Salhiya aliingia kwa nguvu, na sauti yake ikapita juu ya ukuta kama haukuwepo. "Namba ya tatu. Vijana hawatachanganywa na watu wazima." Wanawake kumi na mmoja, neno kwa neno, hakuna aliyejikwaa.

"Na sisi," aliuliza Salhiya walipovuta pumzi, "nasi tumeandika wenyewe? Mie hata jina langu sijui kuliandika, Afande!"

Walipofika namba saba hawakwenda nane. Walibaki hapo. "Kijana aliyeumia au anayeumwa atapelekwa hospitali siku hiyo hiyo." Tena. Na tena. Wanafunzi waliokuwa wakipita wakasimama, simu zikatoka mifukoni. Mara ya kumi, au ya kumi na mbili, Mayasa alisikia kitu kilichomfanya anyamaze yeye mwenyewe: ndani, nyuma ya ukuta, sauti zilizokuwa zikivunjika vunjika kama za vijana wa umri ule, zikiitika. Siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo.

Bwana Wakil alitoka mwenyewe, miwani mkononi. Aliwatazama wanawake, akatazama simu. "Huyo mtoto," alimwambia Borafya, kana kwamba hakuna aliyekuwa akimsikia, "mpeleke mjini. Gari ile ndogo. Na mnyamazishe hawa."

"Hatunyamazi mpaka gari itoke," alisema Bi Mize kwa upole, na akaendelea.

Gari ilitoka. Mayasa aliingia na Ulfat kifuani, bila kuuliza, na Borafya hakumzuia. Njiani Suhaib alisema, akitazama nje, kwamba si chooni. Walikuwa wameletewa watu wazima watatu, kwa muda, kwingine kumejaa. Wakataka mkeka wake, akakataa kuutoa. Ilikuwa siku kumi na nne zilizopita. Mayasa aliandika. Aliandika tarehe, aliandika watatu, aliandika mkeka. Pembeni akaandika "namba ya tatu" na kuipigia mstari chini. Borafya, kiti cha mbele, aliuona mkono wake kwenye kioo, akarudisha macho barabarani.

Hospitali walisubiri foleni. Picha ikapigwa: mifupa miwili imevunjika, mmoja umeshaanza kuungana vibaya. Daktari, msichana mdogo aliyechoka kwa saumu, aliuliza mara mbili ni siku ngapi, na aliposikia akaiweka kalamu chini kabla ya kuandika. Alisema ataurudisha mkono mahali pake kesho asubuhi chini ya dawa ya usingizi, na kwa leo akaufunga kwa ubao. Suhaib alilazwa. Borafya alitakiwa kukaa naye zamu.

Walikuwa kwenye benchi la ukumbini, wakingoja kitanda, adhana ya magharibi iliposikika. Mayasa alifungua hotipoti. Changu wa kupaka, kichwa na vyote. Alinawa, akachambua nyama ya shavu na kuinyoosha mpaka mdomoni kwa ndugu yake. Suhaib alisita, mtu mzima kulishwa mbele ya watu.

"Fungua," alisema dada yake. "Mkono wangu wa kulia ndio wako mpaka wako upone."

Alikula. Alikula jicho, alikula lile lingine. Mayasa alimfungulia mifupa mmoja mmoja, naye akaifyonza, na ikawa inarudi kifunikoni ikiwa myeupe.

Borafya alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mikono mitupu, koo likimpanda na kushuka. Hakuna aliyekumbuka kumpa askari futari. Mayasa alimtazama muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Kisha akachota kijiko cha wali, akakisogeza upande wake, na akakisimamisha nusu ya njia.

"Wewe ndiye uliyemleta, Afande," alisema. "Onja, mbele yake."

Borafya alimtazama kijana, na safari hii hakukwepa macho. Akafungua mdomo.